"Wote Tunapitia" Ni Kauli ya Kumfukuza Mgonjwa

Kauli yenyewe ni fupi na husemwa kwa upole: "Ni kawaida, dada, wote tunapitia." Utaisikia kwenye meza za dagaa sokoni Nyasho, Musoma, kwenye benchi la zahanati, saluni, kwenye vikao vya vikoba. Huambiwa mwanamke aliyejikaza mpaka akathubutu kutamka kwamba siku zake zikikaribia haelewani na nafsi yake: machozi yanamtoka bila msiba, usingizi haumjii au haumtoki, matiti yanauma hata khanga ikigusa, anawafokea watoto kisha anajichukia kwa kuwafokea, na siku ya pili ya damu yote hayo yanaondoka kana kwamba hayakuwapo. Anayemjibu hivyo si adui yake. Mara nyingi ni mama yake mzazi, wifi yake, au nesi. Jibu likishatoka, mazungumzo hugeukia bei ya mafuta ya kula.

Naipinga kauli hiyo. Haina ukatili, lakini si ya kweli, na uongo wake una mtu unayemdhuru: yule mwanamke mmoja kati ya wengi ambaye kwake wiki ile ni ugonjwa kamili.

Tuanze na hesabu, maana wenye kauli hii hujivunia hesabu. Husema: utafiti gani haujaonyesha kwamba karibu wanawake wote wana dalili? Sawa. Wape wanawake karatasi ya maswali siku moja, waulize kama wamewahi kuhisi dalili yoyote kabla ya hedhi, na wanane au tisa kati ya kumi watakubali. Lakini "dalili yoyote" ni pamoja na chunusi mbili kidevuni na hamu ya kitu kitamu. Kaza swali kidogo, idadi inashuka. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa kike wa fani za afya katika Chuo Kikuu cha Mekelle, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2014, ulitumia vigezo vikali zaidi ukapata asilimia 37. Kaza zaidi ya hapo, umwambie kila mwanamke aandike hali yake kila jioni kwa miezi miwili badala ya kukumbuka tu, na wenye ile hali kali kabisa, ambayo madaktari huihesabu kuwa aina ya sonona, wanabaki wachache sana. Mwaka 2024 watafiti walioongozwa kutoka Oxford walichapisha uchambuzi wa tafiti 44 kuhusu hali hiyo kali, zenye wanawake na wasichana 50,659 kutoka mabara sita. Tafiti zilizotegemea kumbukumbu zilitoa asilimia 7.7. Zile zilizokwenda kwa watu wa kawaida mitaani na kuthibitisha kwa maandishi ya kila siku zilitoa asilimia 1.6.

Kwa nini kumbukumbu itie chumvi kiasi hicho? Mwanasaikolojia Diane Ruble alilipatia swali hili jibu mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kwa ujanja ambao siku hizi kamati za maadili zingeukalia vikao virefu. Aliwachukua wasichana waliobakiza takriban wiki moja waone siku zao, akawapima kwa mashine isiyo na maana yoyote, kisha akawaambia baadhi yao kwamba kipimo kinaonyesha hedhi ni kesho au keshokutwa, na wengine kwamba bado sana. Wote walikuwa umbali uleule. Walioambiwa "kesho" wakaripoti maumivu na kuvimba zaidi ya wenzao. Wala hawakuwa waongo. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba siku zikikaribia mtu huwa hivi, basi wakajikagua na kujiona hivyo. Mwaka 2012 Sarah Romans na wenzake wa Toronto walipitia tafiti 47 zilizofuatilia hisia za wanawake siku kwa siku, na ni 7 tu zilizoonyesha lile umbo ambalo kila mtu analijua kwa hakika, yaani hisia mbaya kabla ya hedhi peke yake na si wakati mwingine.

"Wote", basi, ni uvumi. Hata hivyo, naomba msomaji asikimbilie upande wa pili akasema kwamba kama ni asilimia moja na ushee, tuna magonjwa makubwa zaidi ya kushughulikia. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu mkoa wetu wa Mara kuwa na zaidi ya watu milioni 2.3. Kadiria kwamba wanawake walio katika umri wa kuona hedhi ni nusu milioni. Makadirio ni yangu na nimeyafanya ya chini. Asilimia 1.6 ya hao ni 8,000. Wanawake elfu nane kuanzia Nyasho na Bweri hadi Bunda, Butiama na visiwani, ambao kila mwezi hupoteza wiki moja au mbili za akili zao timamu, na kila mwezi hurudishiwa, na kila mwezi huambiwa ni kawaida. Nje ya hao wapo wengi zaidi wenye hali ya kati, ambayo haiangushi mtu lakini inamtafuna. Hata kama hali hiyo ingekuwa ya watu wengi kweli, ukawaida haujawahi kuwa sababu ya kuacha kutibu. Malaria ni ya kawaida kando ya Ziwa Victoria, na hakuna anayemrudisha mgonjwa wa malaria nyumbani akavumilie.

Kauli yetu ina pacha wake, na mapacha hawa huishi nyumba moja bila kugombana ingawa wanapingana waziwazi. Pacha husema: "Bibi zetu hawakuwa na mambo haya, ni maradhi ya Kizungu ya watoto wa siku hizi." Kama wote wanapitia, bibi nao walipitia. Kama bibi hawakupitia, basi si wote. Lakini tuliache hilo la mantiki, kwa sababu kuna jibu zuri zaidi.

Bibi wa Kizanaki au Kijita aliyezaliwa enzi za Mjerumani aliolewa mapema, akabeba mimba, akanyonyesha miaka miwili au zaidi, akabeba tena. Katika miaka hiyo yote hedhi ilimtembelea kama mgeni wa mbali. Mwanaanthropolojia Beverly Strassmann aliwahesabia jambo hili Wadogon wa Mali, ambao wanawake wao walikuwa na desturi ya kulala kwenye vibanda vya hedhi, kwa hiyo angeweza kujua bila kumuuliza mtu. Akakuta mwanamke wa Kidogon huona hedhi karibu mara 100 tu katika maisha yake. Mwanamke wa Ulaya au Marekani huona mara 350 hadi 400. Binti wa Nyasho wa leo, aliyesoma mpaka kidato cha sita, akaolewa na miaka 25 na kuzaa wawili au watatu, yuko njiani kuelekea idadi ya pili. Bibi yake hakuwa na moyo mgumu kuliko wake. Alikuwa na miezi michache ya kupimwa nayo. Tena nani aliyewahi kumuuliza bibi? Mwanamke aliyefoka wiki fulani alihesabiwa mkali, aliyejifungia alihesabiwa ana mapepo, na aliyekwenda kujitupa ziwani alizikwa bila mtu kutazama mwezi ulikuwa wa ngapi.

Mkoa huu, isitoshe, unajisifu kwa ukakamavu. Tunawasifu askari wetu, tunawasifu vijana wasiopepesa jicho chini ya kisu, na mwanamke wetu tunamsifu kwa kutolia. Sifa hiyo ina gharama. Humfanya mtu aone aibu kwa jambo ambalo mwili wake unamfanyia. Na humpa mume ruhusa: katika mkoa ambao ukatili wa wenza ni habari ya kila siku kwenye madawati ya jinsia, mke anayefoka bila sababu inayoonekana hapewi daktari. Anapewa kofi.

Sasa tuuangalie mwili wenyewe, kwa kifupi, kwa sababu hapa ndipo "wote tunapitia" inapovunjika kabisa. Watu wengi, wakiwamo wahudumu wa afya, hudhani mwanamke anayeteseka ana homoni zilizozidi au kupungua. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha jaribio lililostahili kuimaliza dhana hiyo. Waliwapa wanawake dawa ya kuzilaza ovari zao. Kumi kati ya waliokuwa wakiteseka walipata nafuu. Kisha wakawarudishia homoni, estrojeni kwa zamu na projesteroni kwa zamu, kwa viwango vya kawaida. Mateso yakarudi. Wanawake wengine kumi na watano wasio na tatizo hilo walifanyiwa vilevile, homoni zilezile, vipimo vilevile, na hawakuhisi kitu. Kiwango cha homoni hakikuwa na kosa. Ubongo wa baadhi ya wanawake huipokea ishara ya kawaida kwa namna isiyo ya kawaida. Dada yako, basi, anaweza kupita katika mwezi uleule unaopita wewe na asipite mnamopita nyote. Anayesema "mbona mimi naweza" anasema kweli kuhusu ubongo wake mwenyewe, basi.

Nimesikia hoja nyingine, hasa kwa wanaume wenye huruma: "Lakini wanamudu." Ndiyo, wanamudu. Hebu tuangalie wanavyomudu.

Tuseme ni mama lishe wa Nyasho. Siku saba kabla ya hedhi anaanza kuchoka na kukasirika. Kwanza anakunywa vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa muhimu, viwili asubuhi, viwili jioni, bila chakula, ingawa kinachomsumbua zaidi si maumivu. Usiku anameza Piriton, dawa ya mafua na mzio, kwa sababu inaleta usingizi. Asubuhi kichwa ni kizito na chapati zinaungua. Mwezi ukijirudia anaambiwa na mpangaji mwenzake kwamba ana chango. Chango ni maelezo makubwa katika nchi hii. Ndani yake mna maumivu ya hedhi, mna ugumba, mna gesi tumboni, mna mimba zinazotoka, na dawa yake inapatikana sokoni ikiwa imefungwa kwenye gazeti au imetiwa chupa ya maji ya kunywa. Simcheki anayekunywa. Chango angalau lina heshima ya kukubali kwamba kuna ugonjwa, jambo ambalo "wote tunapitia" haiwezi kudai. Shida yake ni kwamba linachanganya maumivu yanayokuja na damu na dhiki inayokuja kabla ya damu, na mambo hayo mawili hayatibiwi kwa njia moja.

Chango lisipopoa anakwenda kupimwa. Na kila msomaji wa Tanzania anajua majibu kabla hayajatoka: UTI, labda na taifodi kidogo. Anapewa antibayotiki za siku tano au saba. Tazama mtego ulivyokaa: siku saba baadaye hedhi inakuwa imeshaingia, dalili zimeondoka zenyewe, na kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi ujao UTI "imerudi". Nimewajua wanawake waliotibiwa UTI hiyo kwa miaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza ilikuwa ikirudi tarehe ngapi.

Wa mwisho kupata nafasi ni mchungaji au shehe. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomi wenzangu hawatalipenda: kwenye maombezi mwanamke huyu hupata kitu ambacho zahanati haikumpa. Anakaa, anasikilizwa, anashikwa mkono, anaambiwa kuwa kinachomsumbua kinatoka nje yake na si tabia yake mbaya. Hiyo ni nafuu. Kisha mwezi unafuata na pepo linarudi kwa ratiba, naye anaanza kujiona mwenye imani haba. Dhambi imeongezwa juu ya ugonjwa.

Hayo ndiyo yanayoitwa kumudu. Nchini Zambia sheria inampa mwajiriwa wa kike siku moja ya mapumziko kila mwezi bila cheti cha daktari, nao huiita Siku ya Mama. Ni jambo jema, na kwa mchuuzi wa Nyasho halina maana yoyote: mwajiri wake ni beseni lake. Akilala siku mbili, dagaa wanavunda na marejesho ya kikoba yanamngoja. Anakwenda sokoni. Anagombana na mteja mmoja, anapoteza wawili. Hasara hiyo haiandikwi popote.

Wapo watakaonisoma mpaka hapa kwa tabasamu na kusema: kumbe tulikuwa sahihi, mwanamke akikaribia siku zake hafai kukabidhiwa ofisi. Hoja hii ni ya zamani kuliko wanavyodhani na ilishindwa zamani vilevile. Mwaka 1914, Leta Hollingworth alichapisha tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alikuwa amewapima wanawake kwa kazi za akili na za mikono kwa muda mrefu akitafuta ule udhaifu wa kila mwezi ambao madaktari wanaume wa enzi zake waliuandika kama jambo lisilohitaji ushahidi. Hakuupata. Mwanamke anayejichukia jioni anaweza kuwa amefunga hesabu za duka bila kosa mchana. Na tukikubali kwamba mahakama za Uingereza miaka ya 1980 ziliwahi kuipa uzito hali hii katika kesi nzito za jinai, kwa ushahidi wa daktari Katharina Dalton, tukumbuke pia kwamba Dalton mwenyewe alitia chumvi, akaona mkono wa hedhi karibu kila mahali palipo na mwanamke aliyekosa. Alitusaidia kwa kulipa tatizo jina mwaka 1953 pamoja na mwenzake Raymond Greene. Alituumiza kwa kulieneza juu ya wanawake wote. Kauli yetu ya sokoni ni mjukuu wa kosa hilo.

Upinzani ninaouheshimu zaidi unatoka kwa wanaharakati wa kike. Wao wanasema: hasira ya mwanamke ni halali. Anaamka saa kumi, anachota maji, analima, anauza, anapika, mume anarudi usiku ameinywea pesa ya samaki. Akikasirika mnamwita mgonjwa? Mnataka kumpa kidonge avumilie dhuluma? Hoja hii ina ukweli mwingi, nami sitaki daktari yeyote aizime hasira ya haki kwa dawa. Lakini hasira ya haki ina sifa moja: haiishi siku ya pili ya damu. Mume mlevi hatengemai hedhi ikiingia. Mwanamke ambaye tarehe 9 anaona maisha hayana maana na tarehe 14, mume akiwa yuleyule na deni lilelile, anashangaa alikuwa anawaza nini, huyo ana kitu kingine juu ya dhuluma. Namna ya kuwatenganisha hao wawili ipo, na haihitaji maabara.

Inahitaji kalenda. Huu ndio msingi wa utambuzi katika mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao uliipa hali hii kali nafasi yake rasmi miongoni mwa magonjwa ya sonona. Na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo imeiweka. Mgonjwa aandike kila siku, kwa walau mizunguko miwili, alivyojisikia. Dalili ziwe tano au zaidi, na walau moja iwe ya moyo: huzuni, hofu, hasira, au hisia zinazopanda na kushuka ghafla. Zianze katika wiki ya mwisho kabla ya damu, zipungue siku chache baada ya damu kuanza, na wiki inayofuata ziwe zimetoweka au karibu kutoweka. Na ziwe zinamvurugia kazi, masomo au nyumba. Asipokuwa na wiki safi hata moja katika mwezi, basi huenda ana sonona ya kawaida au maradhi mengine yanayozidi siku hizo zikikaribia, na hilo nalo ni jambo la kujua, kwa sababu tiba yake ni tofauti.

Watu wa Musoma wasiambiwe kwamba hili ni gumu. Wavuvi wa dagaa wa Mwigobero wanaishi kwa kuhesabu mwezi: usiku wa giza wanaingia ziwani na taa zao, mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inalala, na mke wa mvuvi anajua bila kuangalia simu ni siku gani pesa itaingia na siku gani hakuna. Jamii inayopanga mfuko wake kwa mwezi wa angani haiwezi kushindwa kumwambia binti aweke alama kwenye daftari la shule.

Akishatambuliwa, kuna cha kumpa. Vijitabu vya afya huanza kwa kushauri mazoezi. Sijui nani atamwambia mwanamke aliyebeba ndoo ya dagaa kutoka Mwigobero mpaka Nyasho kwamba akakimbie jioni. Turuke hapo. Mwaka 1998 jaribio la Marekani lililoongozwa na Susan Thys-Jacobs liliwapa wanawake 466 miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku au kidonge kitupu. Baada ya mizunguko mitatu dalili zilipungua kwa asilimia 48 kwa waliopata kalsiamu, na kwa asilimia 30 kwa waliopata kidonge kitupu. Namba zote mbili zina habari. Ya kwanza inasema madini ya bei ndogo yanasaidia wenye hali ya kati. Ya pili inadokeza kwamba kusikilizwa, kuandikwa na kufuatiliwa, hata kwa kidonge kitupu, kunaweza kumpunguzia mtu sehemu ya mzigo. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake ana kalsiamu nyingi, na sisemi dagaa ni dawa ya ugonjwa huu. Nasema tu kwamba mabinti wanaoacha dagaa kwa chipsi wanaacha kitu cha maana mezani.

Kwa hali kali, dawa iliyofanyiwa utafiti zaidi ni ya jamii ya fluoxetine, zile dawa za sonona. Hapa ndipo watu wanaposhtuka: "Dawa za wazimu?" Fluoxetine imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa ugonjwa huu ina tabia ya ajabu: mgonjwa wa sonona ya kawaida husubiri wiki kadhaa kuona mabadiliko, huyu wetu huweza kupata nafuu ndani ya siku chache, kiasi kwamba wengine huinywa wiki mbili za mwisho za mwezi tu na kuiacha damu ikianza. Zipo pia aina za vidonge vya uzazi wa mpango vinavyozuia yai kupevuka, na upo ushauri wa kisaikolojia. Vyote hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, si vya kununua kwa kuelekezwa na jirani. Mkoa una hospitali ya rufaa, ile ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa. Na ikishindikana kuna Bugando, Mwanza. Njia ipo. Tatizo liko chini, pale mwanamke anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

Mbadala wa kutibu si uvumilivu peke yake. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 599 wa nchi mbalimbali walioeleza kwamba walithibitishiwa hali hii kwa kufuatilia siku zao. Theluthi moja walisema wamewahi kujaribu kujiua. Hao walijitokeza wenyewe, na anayejitokeza mara nyingi ndiye aliyeumia zaidi, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kila mgonjwa. Lakini hata ukiigawa kwa tano inatisha. Na kwetu jaribio la kujiua limehesabiwa na Kanuni ya Adhabu kuwa kosa, kwa hiyo aliyenusurika ana sababu moja zaidi ya kunyamaza.

Mtu akinitajia methali ya mficha maradhi na kifo chake, nitamwambia haimhusu mwanamke huyu. Hakuficha. Alimwambia mama yake, akamwambia nesi, akamwambia mchungaji.

Serikali nayo imejifunza kuzungumzia hedhi, na ni vyema. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei hazikushuka, na kila Mei 28 wadau hupiga picha shuleni wakiwa na maboksi ya pedi. Sina ugomvi na pedi. Ila mazungumzo yetu yote ya kitaifa kuhusu hedhi huanza damu inapoanza, na ugonjwa huu huisha damu inapoanza. Binti wa kidato cha nne anayeshindwa kusoma wiki mbili kabla ya mtihani wa Novemba hatasaidiwa na boksi lile. Mwalimu wa malezi anayejua kuuliza atamsaidia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa nesi wa Nyasho, wa Bunda, wa Butiama, na kwa mama yeyote mwenye binti. Akikuambia kwamba siku zikikaribia hajielewi, usimjibu kwamba wote mnapitia, na usikimbilie chupa ya mkojo. Muulize mambo matatu: huanza lini, huisha lini, na katika siku hizo amewahi kutamani kufa? Akisema ndiyo kwa la tatu, asiondoke peke yake. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Akisema hapana, mpe karatasi na kalamu, na mwambie arudi baada ya miezi miwili na karatasi hiyo mkononi.